Mlango wa Nyuma wa Duka la Mzee Sefu

Malvern, Alhamisi, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Salamu zote nimezimaliza wiki hii kwa wageni wanaokuja kukuaga, kwa hiyo wewe nakuanza bila salamu. Wewe na mama yako mmekwenda Midrand kwa shangazi yako, na namjua shangazi yako, hamtarudi kabla ya magharibi. Nina kama saa tatu. Nimechemsha chai, nimekaa jikoni, nimezima simu.

Naandika kwa Kiswahili ingawa najua unakisoma polepole. Hayo ni makosa yangu. Ulipokuwa mdogo nikikusemesha ukanijibu kwa Kiingereza au Kizulu, nilifurahi moyoni, nikisema huyu hakuna atakayemwita mgeni barabarani. Leo lakini nashukuru kwamba utasoma polepole, maana maneno haya mwenyewe nimeyachelewesha miaka mingi. Nakuomba usimpe mtu mwingine akusomee.

Habari za baridi ya Uingereza, chakula na watu wa kuepuka sitazigusa. Mama yako amezitaja zote, na nyingine mara mbili. Mimi nataka turudi kwenye ile Jumapili uliyonisomea insha yako pale sebuleni, nikanyanyuka katikati na kutoka nje. Ulidhani sipendi masomo yako. Ulimwambia mama yako, "Baba alitaka nisome sheria." Nilikusikia, nikanyamaza, kwa sababu dhana hiyo ilinifaa.

Ni kweli mwanzoni nilikucheka. Mtu anakua Johannesburg, anasoma kwa taa ya kukatikakatika, halafu anasema anakwenda Uingereza kusoma tenzi za Waanglo-Saksoni. Nilikuuliza hao ni kina nani, ukaniambia ndio Waingereza wa kale kabisa, wa enzi ambazo hata Kiingereza chao Mwingereza wa leo hakielewi. Nikasema, "Kwa hiyo unakwenda kusoma mambo ya wafu waliokunywa pombe ya asali." Ukacheka. "Eish, Baba, hao jamaa ungewapenda. Wako kama watu wa Jules Street." Ukavuta kiti, ukaanza kunieleza.

Ulinieleza habari za ukumbi mkubwa wa mbao ambamo mkuu hukaa na watu wake. Mkuu anawalisha, anawavika, anawagawia pete na silaha, na sifa kubwa anayoweza kupewa ni kwamba ana mkono wa kutoa. Nao wanakula kwake na kunywa kwake, na kikombe kikizunguka kila mmoja anasimama na kusema atakachofanya siku adui akija. Nilidhani hayo ni majigambo ya walevi. Ukasema hapana, kwao neno lililosemwa mbele ya kikombe ni kiapo, na mtu hupimwa kwalo maisha yake yote. Mkuu akianguka vitani, mtu wake haondoki uwanjani akiwa hai. Akiondoka, aibu inamfuata yeye na ukoo wake, na ardhi wananyang'anywa. Na mtu asiye na mkuu, ulisema, ndiye maskini kuliko wote, anatangatanga kwenye baridi, hana wa kumwita kwa jina.

Nilikuwa nakusikiliza huku nimeshika kikombe, nikasahau kunywa.

Basi nikuambie nilivyofika mji huu. Nilitoka Tanga na begi moja na jina la mtu mmoja, Mzee Sefu wa Malvern. Alikuwa Mzanzibari, ana duka la mablanketi na mapazia Jules Street. Hakunijua wala hakujua ukoo wangu. Aliniangalia nilivyokuwa natetemeka kwa ile fulana ya pwani, akaenda nyuma akarudi na koti zito la kijivu. "Vaa kwanza, habari zako utanipa ukishapata joto." Ndivyo alivyokuwa akimpokea kila kijana aliyefika kwake. Kila baridi ikianza aligawa makoti, na Ijumaa tukitoka kuswali tulikula kwake, sinia moja, watu sita au saba tumeinama juu ya wali. Ulipotamka kwamba washairi wako wanamwita mkuu mgawa pete, mimi nilimwona mgawa makoti.

Nilikaa kwake miaka sita. Nilipomwoa mama yako, yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu. Ulipozaliwa alikuadhinia sikioni. Alinifanya mtunza stoo, akanipa funguo za nyuma, na kila siku ya Mungu alinikumbusha jambo lile lile. "Hamisi, ukitoka, funga. Hata ukienda kutupa taka, funga." Wezi wa Malvern walipenda sana kupitia nyuma. Nilizoea, mkono ukawa unafunga wenyewe.

Kisha ikaja ile Ramadhani ya fujo. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, unajua tu ulichosimuliwa. Kwenye simu ulizunguka ujumbe kwamba maduka ya wageni yatavunjwa, na kweli mitaa mingine ilikuwa imeanza kuungua. Siku hiyo tulifuturu dukani, mlango wa mbele umeteremshwa. Tulikuwa watano wa Mzee, na pembeni Kasongo, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, Mkristo. Yeye hakuwa mtu wa Mzee, alikodi tu kona ya dukani kwa cherehani yake. Lakini futari alikaribishwa kila siku, na kila siku alileta ndizi.

Maneno yakaanza pale kwenye sinia. Mmoja akasema heri tufunge duka wiki nzima. Mimi nikamkatiza. Nilisimama, mwanangu, tende ikiwa mkononi. Nikasema, "Mzee, wakija watanikuta mimi kwanza. Wallahi siondoki mlangoni kwako, naapa kwa maziwa ya mama yangu." Wenzangu wakaitikia, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo kuliko yangu. Nilijisikia mkubwa, nikasikia hata koti limenitosha vizuri zaidi. Mzee Sefu akatikisa kichwa. "Msiape, wanangu. Kuleni." Kasongo yeye alikuwa akimenya ndizi.

Kulipokucha wenzangu wanne hawakuja. Kwa muda mrefu niliwadharau. Siku hizi naona walikuwa wakweli kuliko mimi, waliogopa wakabaki nyumbani kwao, hawakumdanganya mtu kwa kuja. Mimi nilikuja. Tukawa watatu, Mzee, Kasongo na mimi.

Saa nne asubuhi tukawasikia. Sijui nikuelezeje sauti ile. Walikuwa bado mbali, pale kwenye roboti, zile taa za barabarani, lakini vyuma vya maduka vilikuwa vikipigwa kimoja baada ya kingine kuja kwetu. Mzee akasema tusogee stoo tuombe Mungu wapite. Nikatangulia mimi, kwa kuwa ndimi mwenye funguo. Nikafungua mlango wa nyuma kuangalia kama uchochoro una watu. Haukuwa na mtu.

Zuhura, nilitoka.

Hakuna aliyenituma, wala sikuwa nimepanga. Nilipiga hatua moja kuangalia vizuri zaidi, kisha ya pili, kisha nikawa nakimbia. Ningependa kukuambia kwamba nilikimbia kwa ajili yako, kwamba nilikuona wewe na mama yako machoni pangu. Nimejaribu kujiambia hivyo mara nyingi. Si kweli. Sikumuwaza mtu yeyote.

Na kabla ya kukimbia nilifunga. Mkono ulifanya ulivyozoea, ukavuta mlango, ukabana kufuli, ukatia funguo mfukoni. Nilikumbuka nikiwa tayari mtaa wa tatu, nimejificha nyuma ya rundo la matairi kwenye kituo cha mafuta. Nilizishika zile funguo zikiwa na moto wa mwili wangu. Bado palikuwa na muda wa kurudi. Nilikaa pale pale mpaka adhuhuri.

Kasongo alinieleza baadaye, siku moja tu, hakurudia tena. Walipoona mlango wa mbele unakatwa walikimbilia nyuma, wakaukuta umefungwa. Aliupiga kwa bega mpaka bega likatoka. Alipoona haufunguki alimweka Mzee kwenye pembe, akasimama mbele yake. Wangempita yeye kama angetaka, kwani alikuwa anaongea Kizulu safi, na mmoja kati ya wale watu alikuwa mteja wake, alimwambia, "Wewe fundi, toka." Akawajibu, "Mzee atabakia na nani?" Walimvunja mkono wa kulia. Mzee walimpiga kichwani.

Alikaa hospitali siku tisa. Mimi nilikwenda siku ya pili kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Chumba kilikuwa kimejaa watu wetu, Watanzania, Wakongo, hata imamu. Nilisimama mlangoni. Nilijua kwamba sasa nitasemwa, na nilikuwa nimejiandaa kutosema lolote. Mzee akaniona. Akainua kidole, watu wote wakageuka, akasema kwa ile sauti yake iliyokwisha, "Huyo mwacheni apite. Nilimtuma mimi akaite polisi. Nikamwambia afunge nyuma."

Watu walinipisha. Mmoja alinikumbatia. Kasongo alikuwa ameketi chini ya dirisha na mkono kwenye plasta. Alinitazama, akamtazama Mzee, akainamisha macho.

Hivyo ndivyo nilivyopata sifa. Mzee alipofariki, hadithi ilikuwa tayari imeiva: Hamisi alipita katikati ya kundi kwenda kutafuta msaada, Hamisi hakumwacha mzee wake. Imesimuliwa kwenye harusi na kwenye hitima. Vijana wapya wakifika kutoka Dar huletwa kunisalimia. Na wewe umelelewa ndani yake. Kumbe utani wako wa kuuliza kwa nini nimekataa mara mbili kushika funguo za ghala pale kazini, mwanangu, ulikuwa unagusa kidonda bila kujua.

Sasa ile insha. Umeandika kwamba Waanglo-Saksoni hukuwakuta kwanza kwenye vitabu, umewakuta nyumbani, kwa baba aliyeapa mbele ya chakula cha mkuu wake na kutimiza. Umeiandika vizuri sana. Chuo wamekuchukua, na kwenye barua yao wameitaja hiyo sehemu ya baba. Nilisimama nje karibu na tangi la maji mpaka ukamaliza kusoma kwa mama yako, na nililia, si kidogo. Nilikuwa nimezoea watu wengine wanisifu. Wewe ndiye uliyenishinda.

Nilijaribu kujitetea kwa tenzi zako hizo hizo. Siku ile uliponiambia kwamba kwao damu ya mtu ilikuwa na bei, kila mtu kwa cheo chake, na muuaji akilipa ndugu wanaweka chini silaha, nilikujibu kwamba na sisi tuna dia. Uliniona nimechangamka, ukafurahi. Sikukuambia nilichokuwa nawaza. Nilikuwa nawaza, kumbe kuna njia, mtu analipa halafu yanakwisha.

Ijumaa iliyopita nikaenda Rosettenville kwa Bi Mwanahawa, mjane wa Mzee Sefu. Unamjua, kila Idd tunampelekea sukari na unga, nami hukaa kwenye kile kiti chake chenye mguu mbovu nikasimulia tena nilivyotumwa. Safari hii sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mpaka matairi. Nikamwuliza nilipe nini.

Aliendelea kuchambua mchele wake kwa muda. Kisha akasema, "Dia ya nini, mwanangu? Wewe uliogopa tu. Mimi nnajua tokea zamani, mwenyewe alinambia usiku wa kufa kwake."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuwahi kusema. Hapo ndipo alipoweka ungo chini.

"Alinambia nikusubiri. Akasema, Hamisi atakuja mwenyewe kusema. Nami nimekusubiri, Hamisi, kila Idd. Kila ukija unanletea hadithi. Sikutaka sukari yako. Nilitaka mtu mmoja aliyempenda mume wangu, tukae naye tumlie kama alivyokufa kweli."

Tulilia, basi. Alinishika mkono, na mkono wake ni mdogo kama wa mtoto siku hizi.

Kwa Kasongo nilikwenda siku iliyofuata. Ana kibanda mtaa wa pili kutoka kwa Bi Mwanahawa, na miaka yote hii nimekuwa nikivuka barabara nisipite mbele yake. Alijifundisha kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nilisema nimekuja kuomba radhi, na kwamba nitawaambia watu msikitini nani alibaki. Hakunyanyua kichwa kwenye cherehani. "Sema kwa mutoto wako kwanza. Bale bengine banapenda tu story." Wala hakunikaribisha kukaa. Ni haki yake.

Mama yako nilimwambia juzi. Nikaongeza kwamba wewe nitakuandikia ukishafika, ukishatulia, masomo yakishaanza. Akanijibu, "Mwambie kabla hajapanda ndege. Ukimwambia akiwa kule, utakuwa umekimbia tena."

Ndiyo maana nakuandikia leo. Kusema kwa mdomo nimejaribu mara tatu wiki hii. Jana ulipokuwa unapima begi kwenye mizani nilifungua kinywa, nikatoa maneno ya uzito wa begi.

Insha yako usiione kama uongo. Uliandika ulichoambiwa na baba yako. Ukitaka kuwaandikia chuo ukweli, waandikie, na jina langu liweke wazi. Ukitaka kuiacha, sina mdomo wa kukushauri. Mimi nimekaa kimya mpaka sasa, siwezi kukufundisha ujasiri leo kwa karatasi tatu.

Ninachokijua ni kidogo, nami nimekigharamia. Siku moja huko utaogopa, na huenda ukakimbia. Hilo sitakulaumu hata kidogo. Lakini siku hiyo hiyo, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja. Mimi ningemwambia mama yako jioni ile tu, ningekuwa mtu aliyekimbia mara moja. Nikanyamaza, na kila asubuhi nilipovaa viatu nikawa nakimbia upya. Na mtu akikufunika kwa upendo kama Mzee Sefu alivyonifunika, mshukuru, lakini usilale chini ya hilo blanketi maisha yako yote. Alinipa lile neno ili niweze kupita mlangoni siku ile. Nadhani hakutaka nijenge nyumba ndani yake.

Nina ugomvi mmoja na washairi wako. Nimekusikiliza miezi hii yote, na naona wanamwimba aliyebaki na kumlaani aliyekimbia, kisha wanarudi ukumbini. Hakuna anayemfuata yule aliyekimbia. Hawamwoni akinunua mkate, akimpeleka mtoto shule, akicheka kwenye harusi na watu wanaompa mkono. Hawaulizi kama mkuu aliyemwacha alikuwa akimpenda. Wewe unakwenda kukaa na tenzi hizo miaka. Ukimkuta mshairi hata mmoja aliyemfuata mtu huyo mpaka uzeeni, niandikie anasemaje. Na usipomkuta, labda hilo ndilo la kuandika wewe.

Uchungu wangu mkubwa, Zuhura, ni kwamba nakupunguzia baba usiku wa kuamkia safari yako. Ulikuwa unaondoka na mtu mmoja mfukoni, sasa unaondoka na mwingine, mdogo zaidi. Ningeweza kukuacha uende naye yule mkubwa. Ungemtaja kwa wenzako, ungejivuna, ningekufa naye. Lakini wewe ungekuwa unampenda mtu ambaye hayupo, na mimi huku ningebaki bila mtoto, ingawa ungenipigia simu kila Jumapili.

Nasikia gari linasimama chini. Ni sauti ya mama yako, anabishana na dereva. Naiweka barua hii juu ya kitanda chako. Isome mpaka mwisho, polepole, hata ikikuchukua usiku kucha. Mimi niko hapa jikoni. Ukimaliza njoo unitazame usoni, useme utakachosema, au usiseme. Siondoki.

Baba yako,
Hamisi